Pikipiki ndogo: usinunue kwa pesa zote

Mpenzi msomaji, Jumamosi ya majuzi nilikuwa nimeketi nje ya nyumba nikiota jua, mara lango likabishwa. Aliyeingia ni jirani yangu, mama anayeuza nguo za watoto sokoni, na nyuma yake mwanawe wa kiume aliye mwaka wa pili chuoni. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya chama. Kijana alikuwa ameshika karatasi mbili za matangazo, moja ya pikipiki ya CC 100 na nyingine ya CC 150.

"Mwalimu," mama akaniambia hata kabla ya kuketi, "wewe umeendesha pikipiki tangu huyu hajazaliwa. Tuamulie kesi yetu. Pesa ni hizi tu, hakuna nyingine nyuma yake."

Ni neno lake hilo la mwisho lililonifanya niandike haya leo. Najua nyumba nyingi za mjini zina kesi kama hiyo. Nauli ya matatu imekuwa mzigo, mtoto anafika chuoni amechelewa, baba anatumia saa mbili kwenye msongamano wa magari, na wote wanatazama pikipiki zikipita pembeni. Nao wana pesa kidogo ambazo zikipotea hazirudi.

Nitawaeleza niliyomweleza mama yule. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, ili usidhani nazungumza kama mtu aliyezaliwa na hekima.

Miaka mingi iliyopita nilinunua pikipiki mpya ya kupendeza, rangi nyekundu, taa kubwa, bei ya chini kuliko zote dukani. Jina lake sitalitaja, wala duka. Kwa miezi minane nilijiona mjanja. Mwezi wa tisa gia ya pili ikavunjika meno. Nilizunguka Kirinyaga Road Jumamosi tatu mfululizo, duka baada ya duka, na kila muuzaji aliigeuza ile gia mkononi akatikisa kichwa. Aliyeniuzia alikuwa amekwisha kufunga biashara. Mwishowe niliiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu kwa pesa ambazo hazikutosha hata kununua sare ya shule. Pesa nilizoinunulia zilikuwa karo ya kifungua mimba wetu. Mama watoto hakuninenea neno hata moja, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi. Tangu siku hiyo nimejua kwamba rahisi ni ghali.

CC NI NINI HASA?

Watu hutaja CC kama cheo, ya 150 ikiwa bwana na ya 100 mtumwa. Kumbe CC ni ujazo tu wa silinda ndani ya injini, yaani kiasi cha hewa na petroli kinachoweza kuingia pistoni inaposhuka. CC 100 ni kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa. CC 150 ni kikombe kimoja na nusu. Kadiri kikombe kinavyokuwa kikubwa ndivyo nguvu inavyoongezeka, na ndivyo petroli inavyotumika.

Katika pikipiki zinazoonekana sana barabarani kwetu, Bajaj Boxer ya CC 100 hutoa nguvu za farasi 8 hivi, na Boxer ya 150 hutoa takriban 12. TVS nao wana HLX za 100, 125 na 150. Honda wana Ace ya 125, na Yamaha wamekuwa na Crux, ambayo ni ya CC 106. Zote hizi ni pikipiki za kazi, zimeundwa kubeba mtu na mzigo kwa gharama ndogo, wala si za mashindano.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii. Nguvu hizo zinazoandikwa kwenye karatasi huhesabiwa kwa hewa nzito ya nchi ya chini. Injini hupumua kama wewe na mimi. Ukipanda juu, hewa huwa nyepesi, na kile kikombe kinajaa hewa pungufu. Nairobi mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, injini hupoteza kiasi cha sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Ukifika Kikuyu au Limuru, imepoteza karibu sehemu moja kwa tano. Kwa hivyo zile nguvu nane za pikipiki ya 100 huwa zimebaki sita na kitu, na hapo bado hujampakia mtu wala hujaanza kupanda kilima.

Ndiyo maana rafiki yako wa Mombasa anaweza kukusifia pikipiki yake ya 100 inayomtoa Bamburi hadi mjini na mkewe nyuma, naye asiwe mwongo. Huko ni tambarare na hewa ni nzito. Pikipiki iyo hiyo ukiileta Limuru na watu wawili, itapanda kwa gia ya pili ikilia kama mbuzi anayepelekwa machinjioni, huku malori yakikupigia honi kisogoni. Basi kabla ya kuuliza bei, jiulize unakaa wapi na kilima chako ni kipi.

HESABU YA PETROLI

Hebu tuchukue mtu anayesafiri kilomita 40 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 880. Pikipiki ya 100 iliyotunzwa, ikiendeshwa kwa utaratibu na mtu mmoja, huenda kiasi cha kilomita 55 kwa lita. Ya 150 huenda kama 40. Ya kwanza itahitaji lita 16 kwa mwezi na ya pili lita 22. Ya 125 huwa katikati, lita 18 hivi.

Tofauti baina ya ndogo na kubwa ni lita 6. Tuseme lita ni shilingi 180. Hiyo ni shilingi 1,080 kwa mwezi, na karibu 13,000 kwa mwaka. EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo chukua bei ya mwezi wako na ufanye hesabu yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukitoboa.

Lakini usikimbilie ndogo kabla hujasikia upande wa pili. Hesabu hiyo ni ya injini isiyolemewa. Ukiipakia ile ya 100 abiria na furushi, ukaikaba mkono hadi mwisho kila siku ukipanda kilima, itakunywa karibu sawa na kubwa, na pistoni na pleti za klachi zitaisha mapema. Punda mdogo akibebeshwa mzigo wa ngamia, utalipa nyasi za punda na ada ya daktari wa mifugo juu yake.

Vilevile, katika barabara kuu kama ya Thika, pikipiki isiyo na nguvu za akiba ni hatari. Magari yanakuja kasi nyuma yako na wewe huna namna ya kuongeza mwendo ukajitoa. Kwa upande mwingine, pikipiki yenye nguvu nyingi mikononi mwa kijana wa miaka kumi na tisa ni hatari ya aina yake. Mzazi, hapo unamjua mwanao kuliko ninavyomjua mimi.

SPEA NDIZO PIKIPIKI

Tangu Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi CC 250, mwishoni mwa miaka ya 2000, nchi imejaa boda boda. Waendeshaji wao wametufanyia utafiti bila malipo. Mtu ambaye chakula cha watoto wake hutoka kwenye pikipiki hawezi kuvumilia chombo kinacholala kwa fundi wiki mbili. Basi nenda kwenye stendi iliyo karibu nawe uhesabu ni za aina gani. Mahali pengi utakuta Boxer na TVS. Maana yake ni kwamba kebo ya klachi, cheni, sproketi, plagi na breki zake zipo hata katika kioski cha kijijini, na kwamba fundi wa jua kali anaweza kuifungua na kuifunga akiwa amefumba macho.

Je, hizi za Kichina zenye majina mengi? Tusizihukumu zote kwa pamoja. Injini za nyingi kati yake zimefuata mfano wa Honda CG125, pikipiki iliyotoka katika miaka ya 1970. Injini ile hutumia vijiti vya kusukuma vali mahali pa cheni ya ndani. Ina kelele kidogo, lakini ni ngumu na humvumilia mtu msahaulifu wa oili. Spea za injini ya namna hiyo huingiliana, kwa hiyo hazisumbui sana. Taabu huwa katika vitu vingine: tangi, taa, mita, shoki, kifuniko cha pembeni. Na ukipata iliyo na giaboksi ya peke yake, kama ile yangu nyekundu, ndipo utakapojua kwamba majuto ni mjukuu.

Mtihani wangu ni rahisi. Kabla ya kulipa, nenda katika maduka matatu ya spea mtaani kwako, si mjini, uulizie vitu vitatu vya pikipiki unayoitaka: pleti za klachi, kioo cha pembeni na kabureta. Ukikosa katika maduka mawili, rudi nyumbani na pesa zako. Kumbuka tu kwamba pikipiki inayopendwa na wengi hupendwa na wezi pia. Nunua kufuli nzito siku hiyo hiyo.

Siku hizi ziko pia za umeme. Kampuni ya Roam inaziunda hapa Nairobi, na Ampersand, iliyoanzia Kigali, imefika kwetu na mpango wa kubadilisha betri kituoni. Hazina oili, plagi wala kabureta, na mota ya umeme haijali wembamba wa hewa, hivyo kilima cha Limuru haikiogopi kama injini inavyokiogopa. La kuuliza ni betri. Je, ni yako au ni ya kukodi? Utaichaji nyumbani, au ni lazima ufike kituoni, na kituo kiko umbali gani na unakoenda kila siku? Mwenye kituo karibu na njia yake anaweza kuokoa pesa nyingi. Anayekwenda mashambani mara kwa mara na afikirie tena.

YA MKONO WA PILI, NA YA MKOPO

Pikipiki iliyotumika si aibu, lakini ifike mbele yako ikiwa baridi. Mwenye hila huiwasha mapema ili isikataye kuwaka mbele yako. Gusa injini kwa mkono. Iwashe, utazame moshi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua ndani, na huo ni mwanzo wa gharama. Isimamishe kwa stendi kubwa, ulitikise gurudumu la nyuma kulia na kushoto. Likicheza, bushi zimeisha. Tazama kama nambari ya injini na ya chasisi zinafanana na za kwenye hati ya umiliki, na uhakikishe umiliki unabadilishwa kuwa jina lako katika mfumo wa NTSA. Usikubali kuambiwa, "Tutabadilisha mwezi ujao." Chombo kikifanya maovu, atakayetafutwa ni aliye kwenye hati.

Kuhusu mkopo wa kulipa kila siku, mimi siukatazi, ila ufanye hesabu hadi mwisho. Tuseme umeambiwa utoe 20,000 kwanza, kisha 450 kwa siku kwa siku 540. Mia nne na hamsini haionekani kitu. Zidisha: ni 243,000, na ukijumlisha za kwanza ni 263,000. Linganisha na bei ya taslimu dukani, halafu jiulize kama ile tofauti unaweza kuilipa hata siku za mvua, siku za ugonjwa na siku za Krismasi. Anayeendesha biashara huenda akaweza. Mwanafunzi asiye na kipato, hapana.

ILE ROBO ILIYOBAKI

Sasa turudi kwa jirani yangu. Kijana aliniambia, kwa heshima lakini kwa msimamo, kwamba anaitaka ile ya 150, maana wenzake chuoni wanazo. Mama alitaka ya 100 kwa sababu ya bei na kwa sababu ya hofu. Nikamuuliza kijana maswali matatu: unakwenda wapi, unabeba nani, na unapanda wapi?

Akajibu kwamba ataenda chuoni mjini na kurudi peke yake siku tano kwa wiki. Jumapili atampeleka mama kanisani. Na mara moja kwa wiki atamletea mzigo wa nguo kutoka Gikomba. Sisi tunakaa upande wa Kikuyu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na jioni kila mtu anarudi nyumbani kwa kupanda.

Kwa safari za peke yake, ya 100 ingetosha kabisa. Kwa mama na mizigo ya kilima, ingelemewa. Ya 150 ingeyaweza yote, lakini ingemaliza pesa zote za mama siku ile ile. Niliwashauri watafute ya 125, aina ambayo fundi wetu wa hapa senta anaijua. Mwenye kukaa tambarare na kusafiri peke yake, namwambia achukue ya 100 bila kuona haya. Mwenye kubeba mzigo kila siku kwenye barabara ya udongo, ya 150 ni haki yake.

"Lakini, Mwalimu," kijana akasema, "125 si huku wala si huku."

Nikamjibu, "Ndivyo, na pesa zinazobaki ndizo zitakazokurudisha kwa mama yako."

Hili ndilo ninalotaka ulichukue leo hata ukisahau mengine yote. Ukiwa na shilingi nne, pikipiki iwe ya shilingi tatu. Ile robo inayobaki ina kazi. Kwanza ni mafunzo na leseni ya daraja la A2, na kama hujatimiza miaka 18, subiri. Ya pili ni bima, angalau ile ya kulinda watu wengine, kwani sheria inaidai. Ya tatu ni oili na marekebisho ya kwanza, maana injini mpya inayokosa oili safi mapema huzeeka ikiwa bado changa. Na ya nne, ambayo ningeiandika kwa wino mwekundu, ni helmeti mbili na jaketi mbili za kung'aa. Sheria inakuruhusu abiria mmoja tu, na inataka yeye pia avae.

Nimeziona nyumba zilizonunua pikipiki kwa pesa zote, kisha zikapata helmeti ya kuazima iliyopasuka, isiyo na mkanda. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za dunia, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendeshaji kufa katika ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kitu kingine chochote cha pikipiki, wala CC wala gia ya tano, kinachokupa faida ya namna hiyo kwa bei ile. Tafuta iliyo na alama ya Shirika la Viwango, ikukae vizuri bila kuzunguka, na ufunge mkanda hata kama unakwenda dukani tu kununua maziwa.

Kijana hakufurahi sana siku ile. Alikunja zile karatasi mbili akazitia mfukoni, wakaniaga. Wiki tatu baadaye, Jumapili asubuhi, nilisikia mlio nisioujua ukipanda kilima chetu. Nikatoka langoni. Ilikuwa ni 125 nyeusi, inapanda kwa gia ya tatu bila kulalamika. Mbele kijana, nyuma mama yake amevalia nguo zake za kanisani, kitambaa chake cha kichwani amekikunja mkononi, na kichwani ana helmeti nyeupe iliyofungwa mkanda barabara. Alinipungia mkono mmoja, kisha haraka akaurudisha kumshika mwanawe kiunoni.

Mwenda pole hajikwai, mpenzi msomaji. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.